Oili moja haifai kila nyumba chini ya pikapu

Ndugu Mhariri,

Mwenye pikapu ya zamani inayovuta kwa magurudumu yote manne akiuliza aweke oili gani chini ya gari lake, jibu analopata mara nyingi ni fupi: "Piga 140 kote," yaani oili nzito ya gia ya namba 140. Difu ya mbele na ya nyuma (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu), transfa (inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) na giaboksi, vyote kutoka dumu moja. Jibu hilo halisumbui kichwa, na kwenye difu ya nyuma iliyokwisha kuchoka huenda lisilete madhara ya haraka. Kwenye giaboksi ni kosa. Kwenye transfa ya mnyororo ni kosa kubwa zaidi. Ubaya wake ni kwamba halionekani siku ileile. Gari linatoka gereji likiwa kimya, na gia ya pili inakuja kuanza kukwaruza miezi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka tena kilichomiminwa ndani.

Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kila nyumba, yaani kila kasha la chuma lenye gia ndani, inataka nini na kwa nini.

Namba kama 80W-90 au 85W-140 inaeleza uzito tu, yaani oili inatiririka kwa wepesi gani ikiwa baridi na ikiwa moto. Haisemi imetengenezwa kwa kazi gani. Tena kipimo chake si kile cha oili ya injini. Oili ya gia ya namba 90, ikipimwa kwenye nyuzi joto 100 za Selsiasi, ina uzito unaokaribiana na oili ya injini ya namba 40 au 50. Anayeona 90 akadhani ni nzito mara mbili ya 40 amedanganywa na tarakimu, na asishangae akikuta kitabu cha gari kinaagiza oili ya injini ndani ya giaboksi.

Maandishi ya kusoma kwanza ni yale madogo: API GL-4 au API GL-5 (API ni Taasisi ya Petroli ya Marekani, GL ni daraja la oili ya gia). Kwenye oili ya injini ya petroli, daraja jipya huchukua nafasi ya lile la zamani, basi watu hudhani GL-5 ni GL-4 iliyoboreshwa. Sivyo. Hizi ni oili mbili za kazi mbili.

Chukua difu. Pinioni yake, gia ndogo inayoleta nguvu, inakutana na kraunwili, gia kubwa ya duara, nje ya mstari wa katikati, kwa kawaida chini yake kwenye difu ya nyuma. Mpangilio huo, unaoitwa haipoidi, huruhusu pinioni kuwa nene na imara, lakini meno hayabiringiki tu moja juu ya jingine. Yanateleza pia, tena chini ya mzigo mkubwa. Kuteleza huko kunakwangua utando wa oili. Ndiyo maana GL-5 imejazwa dawa za salfa na fosforasi ambazo, jino likipata joto, huungana na chuma na kujenga ngozi nyembamba juu yake. Ngozi hiyo ndiyo inayoliwa badala ya jino. GL-4 nayo ina dawa hizo, ila takriban nusu ya kiasi. Ukiitia kwenye difu ya haipoidi inayobeba mizigo, meno yatapata mikwaruzo, na sauti ya kuvuma itafuata.

Sasa ingia ndani ya giaboksi ya kukanyaga klachi. Meno yake hayana utelezi wa namna ile, lakini kuna kitu ambacho difu haina: pete za sinkronaiza, za kulinganisha kasi ya gia kabla hazijaingiliana, ambazo kwenye magari ya zamani mara nyingi ni za shaba ya manjano. Pete hizo zina adui wawili ndani ya GL-5. Wa kwanza ni salfa, ambayo oili ikipata joto hushambulia shaba. Oili za GL-5 za zamani zilikuwa kali kwa hili, za siku hizi nyingi zimetulizwa. Wa pili hazungumzwi sana, nami namwona ndiye msumbufu zaidi. Pete ya sinkronaiza inafanya kazi kwa kukamata. Inabana koni ya gia mpaka kasi zilingane, kisha ndipo meno yanaingiliana. Oili inayoteleza kupita kiasi inaifanya pete ishindwe kukamata kwa wakati, meno yanakutana kabla kasi hazijalingana, na dereva anasikia "krrr". Watu hulaumu klachi. Klachi inafunguliwa, inabadilishwa, na sauti inabaki palepale.

Kwa hiyo giaboksi iliyoagizwa GL-4 ipewe GL-4, mara nyingi ya 75W-90 au 80W-90. Zipo giaboksi, zikiwemo nyingi za Toyota, ambazo vitabu vyake vinakubali GL-4 au GL-5 ya 75W-90. Hizo hazina ugomvi. Dumu lililoandikwa "GL-4/GL-5" kwa pamoja lichukuliwe kuwa ni GL-5, maana lazima libebe kiwango cha dawa cha juu. Na 140 kwenye giaboksi ina tatizo lake la ziada: asubuhi ya baridi ni nzito mno, pete hazipenyi haraka kwenye utando wake, na mkono wa gia unakuwa kama umezama kwenye lami.

Halafu kuna giaboksi ambazo hazitaki oili ya gia kabisa. Ford aina ya M5OD, iliyofungwa kwenye pikapu za kampuni hiyo, hutumia ATF, ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki. LT77 ya Land Rover nayo ni ATF, wakati transfa ya LT230 iliyofungwa nyuma yake inataka oili ya gia ya 90. Nyumba mbili zimegusana, oili mbili tofauti. Baadhi ya giaboksi za Isuzu huagizwa oili ya injini. Kuijaza 140 giaboksi iliyoundwa kwa ATF ni kuzinyima beringi zake ndogo za sindano oili, kwa sababu njia za kupitishia zilitobolewa kwa kitu chepesi.

Niingize neno hapa kuhusu "haidroliki". Mafundi wengi huita ATF kwa jina hilo, na muuzaji naye ana dumu lingine la haidroliki la mashine za kunyanyulia. Si kitu kimoja. Sema ATF, na useme aina: Dexron, Mercon au nyingine iliyo kwenye kitabu.

Kwenye transfa, swali la kuuliza ni moja: ndani kuna gia tupu au kuna mnyororo? Transfa za gia tupu, kama LT230 niliyoitaja au New Process 205 ya pikapu za Kimarekani, gia zake huogelea kwenye oili ya gia na kurushiana oili zenyewe kwa zenyewe. Transfa za mnyororo mara nyingi zina pampu ndogo inayovuta oili kupitia chujio na kuipeleka kwenye beringi za nyuma, na nyingi kati ya hizo zinataka ATF. Pampu hiyo haiwezi kuvuta 140 ya baridi. Beringi ya nyuma inakauka huku nyumba imejaa, na anayepima kwa kidole anaapa kwamba oili ipo. Kuna chache za mnyororo zinazotaka oili ya gia, hivyo kitabu kitangulie kanuni hii.

Kitabu kikiwa kimepotea, tafuta bamba la chuma chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango. Kwenye magari mengi linaonyesha msimbo wa giaboksi na wa ekseli. Kwa msimbo huo unapata kitabu cha ufundi cha gari hilo. Usiamue kwa kuangalia oili iliyotoka. Iliyotoka inaonyesha alichoweka fundi aliyetangulia, na huenda ndiye aliyepiga 140 kote.

Difu ya nyuma iliyoandikwa LSD, yaani inayopunguza gurudumu moja kuzunguka bure, ina sahani za klachi ndani. Inataka GL-5 iliyoandikwa LSD au Limited Slip, au GL-5 ya kawaida iliyoongezewa chupa ndogo ya dawa ya kurekebisha msuguano. Ukiweka GL-5 kavu, sahani zinashika na kuachia, na gari linagonga na kutetemeka nyuma kwenye kona kali. Baada ya kubadilisha, tafuta uwanja wazi uzungushe gari polepole kwa umbo la namba 8 mara kumi hivi ili oili mpya iingie kati ya sahani. Difu loku ya hewa au ya umeme haina sahani hizo, haihitaji dawa hiyo.

Kazi yenyewe ni rahisi, ila ina mpangilio usiobadilika. Endesha gari kilomita kumi au kumi na tano kwanza ili oili ipate joto na ibebe uchafu ulio chini. Ile ya giaboksi hata iache kidogo ipoe, inaunguza. Simamisha gari mahali tambarare. Ukilinyanyua, linyanyue mbele na nyuma sawasawa na uliweke kwenye stendi, kamwe usilale chini ya jeki. Piga brashi ya waya kuzunguka bolti zote ili mchanga usiingie.

Kisha fungua bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Hili nalirudia kwa kila mtu na bado halisikilizwi. Bolti ya kujazia ambayo haijaguswa miaka kumi inaweza kukataa kabisa kufunguka, na kama umeshamwaga oili, gari limelala hapo hapo. Kwenye Toyota nyingi ni spana ya 24. Kwenye Land Rover nyingi ni tundu la mraba la nusu inchi, linaloingia mkono wa raketi moja kwa moja. Ikikataa, safisha kutu, mwagia mafuta ya kulegeza, subiri, kisha jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuifungua. Tumia soketi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili inaviringisha kichwa.

Acha oili itone mpaka ikome, dakika kumi na tano au zaidi. Wakati huo angalia sumaku ya bolti ya kumwagia. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu kwa kidole si kawaida: kipande chenye pembe ni jino, kipande chembamba kilichopinda ni beringi. Chenga za rangi ya dhahabu ndani ya oili ya giaboksi ni pete za sinkronaiza zinazoondoka. Sumaku haizishiki, hivyo zitafute kwa kupitisha oili kwenye kitambaa cheupe juani. Oili inayonuka kuungua na kuwa nyeusi kama lami imefanya kazi ikiwa pungufu.

Weka washa mpya za shaba au alumini, kwa sababu ya zamani imeshabanwa na haibaniki mara ya pili. Nyumba nyingi ni za alumini, na nyuzi zake zinachanika kwa mkono wenye hasira; bolti nyingi za aina hii hukazwa kati ya Nm 35 na 50, na kitabu kinasema kamili. Zile bolti zenye nyuzi zinazochongoka hazina washa, zinafungwa kwa dawa ya nyuzi na kukazwa kwa kiasi.

Jaza kwa bomba la mkono au kwa mpira mrefu kutoka juu, mpaka oili ianze kurudi yenyewe kwenye tundu la kujazia. Kwenye nyumba nyingi hicho ndicho kipimo: usawa wa ukingo wa chini wa tundu, au pungufu kwa milimita 5 hivi. Kwa ununuzi, kadiria lita 2 hadi 4 za giaboksi, lita 1 hadi 2.5 za transfa, 1 hadi 2.5 za difu ya mbele na 2 hadi 3.5 za difu ya nyuma. Mimina polepole, hasa 85W-140. Inajikusanya karibu na tundu na kukudanganya imejaa. Ngoja dakika tano, angalia tena.

Ukifungua bolti ya kujazia ya transfa na oili ikamwagika yenyewe huku giaboksi ikiwa pungufu, usifurahie kwamba transfa imejaa. Sili iliyo kati ya nyumba hizo mbili imekufa na oili inahama. Kwenye gari ambalo zote mbili zinatumia oili moja, unaweza kuishi nalo kwa muda kwa kusawazisha vipimo mara kwa mara. Kama ni ATF upande mmoja na oili ya gia upande mwingine, fungua ubadilishe sili, hakuna njia ya mkato.

Sasa maji, ambayo kwa maoni yangu yanaua difu nyingi kuliko oili ya daraja baya. Nyumba ya difu inapokuwa moto, hewa iliyomo imetanuka. Ikitumbukia mtoni inapoa ghafla, hewa inanywea, na nyumba inavuta chochote kilicho karibu. Njia ya kuvutia inatakiwa iwe kipumulio, ambacho mafundi hukiita brida, kile kifuniko kidogo juu ya ekseli. Kikiwa kimeziba kwa tope, maji yanavutwa kupitia sili. Na kikiziba wakati wa safari ya kawaida, joto linajenga msukumo ndani na oili inatokea kwenye sili ya pinioni au inaingia kwenye breki. Nimeona sili mpya zikifungwa mara tatu kwenye ekseli ambayo shida yake ilikuwa kifuniko cha ukubwa wa kidole gumba. Kizungushe kwa mkono, kisipocheza, kibadilishe. Afadhali zaidi, weka kiungio cha mpira na uupandishe mpaka ndani ya chumba cha injini, juu ya kiwango cha maji unachothubutu kuvuka.

Oili iliyoingiwa na maji inageuka rangi ya chai ya maziwa. Imwage siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa wiki, kwa sababu beringi huanza kula kutu mara gari linaposimama. Jaza oili ya bei nafuu ya daraja lilelile, endesha kilomita chache, mwaga tena, kisha weka ile ya kudumu. Wanaosuuza kwa mafuta ya taa wanaondoa maji na kuacha mafuta ya taa kwenye vifuko vya beringi.

Ekseli ya mbele ya kipande kimoja, kama ya Hilux za zamani, Land Cruiser na Patrol, ina jambo lake. Kila mwisho kuna nyumba ya duara yenye jointi ya CV, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona, na humo hukaa grisi nzito yenye molibdenamu. Kati yake na difu kuna sili ya hafu shafti. Ikichoka, oili ya difu inavuja kwenda nje, inaichanganya grisi mpaka inakuwa supu, na dalili unayoiona ni supu hiyo kwenye duara la chuma na ndani ya tairi. Kuongeza oili kwenye difu hakutibu chochote, na kuongeza grisi kwenye duara ndiko kabisa. Nyumba inafunguliwa, jointi inasafishwa mpaka ing'ae, sili inabadilishwa, beringi za kingipini, zile ambazo gurudumu hugeukia likikata kona, zinakaguliwa, kisha grisi mpya inapakiwa ndani ya jointi yenyewe kabla ya kujazwa kwenye nyumba.

Habu za kufunga kwa mkono, zile za kuunganisha magurudumu ya mbele na ekseli, ni kinyume chake. Zinataka grisi ya kupaka tu. Ukizishindilia kama beringi, grisi ikiganda inazuia meno yasiingie, unageuza kidude kwenda LOCK na gurudumu halivuti. Na kama habu zako huwa zimefunguliwa mwaka mzima, difu ya mbele haizunguki, oili imelala chini na sili za juu zinakauka. Vitabu vya Toyota vya magari ya aina hii vinashauri kuendesha kwenye 4WD (magurudumu yote manne yakivuta) angalau kilomita 16 kila mwezi. Fanya hivyo kwenye udongo au changarawe. Transfa isiyo na difu ya kati, kwenye lami kavu, inajikaza mpaka mkono wa 4WD ukatae kurudi.

Propela shafti, zile fimbo zinazopeleka nguvu kwenye difu, zina niple za kupampia grisi. Krosi, yaani viungo vya msalaba vya shafti, zipampu mpaka grisi chafu itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikikataa, krosi hiyo ibadilishwe. Ile sehemu ya meno inayoingia na kutoka, acha mara tu unapoona inaanza kujisukuma. Ikishindiliwa grisi inakosa nafasi ya kurudi ndani, na shoki ikikandamizwa shimoni msukumo unaishia kwenye beringi ya transfa. Usichanganye grisi bila kujua; ya lithiamu na ya udongo wa bentonaiti zikikutana mara nyingi hulainika na kutiririka.

Pikapu yenye giaboksi ya otomatiki inahitaji barua yake. Niseme tu kwamba kumwaga sufuria ya chini hakutoi oili yote, kwani nyingi inabaki kwenye konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), na kwamba ATF ya Ford Type F na Dexron hazina msuguano mmoja, hivyo hazibadilishani.

Kuhusu muda: kilomita 40,000 kwa gari la mwendo wa kawaida, 20,000 kwa linalovuta trela, kubeba mizigo mizito au kuishi kwenye vumbi, na mara moja baada ya difu kuzama. Gari lililonunuliwa mkononi bila kumbukumbu, badilisha zote wiki ya kwanza. Oili ya sintetiki ni nzuri kwa anayevuta mizigo kwenye joto kali. Ila kwenye gari lenye sili kuukuu, mara nyingi inafichua uvujaji uliokuwa umezibwa na masizi. Na 85W-140 kwenye difu inayovuma hupunguza sauti kwa kuongeza unene. Ni dada wa vumbi la mbao ambalo wauzaji wajanja hulitia ndani kabla mteja hajafika.

Ukimaliza, endesha robo saa, rudi chini na tochi uguse kila bolti kwa kidole kikavu. Kesho yake gari likiwa baridi pima tena. Kisha chukua rangi nyeupe uandike kwenye kila nyumba aina ya oili na kilomita za siku hiyo, herufi kubwa, mahali ambapo fundi anayefuata ataziona akiwa amelala chali na dumu la 140 mkononi.

Wako,
Fundi wa giaboksi na difu